Kwa Komite Iliyomrudishia Verdiane Kitambaa Kichwani

Karuba, tarehe 9 Juni 1954

Kwa Papa Straton Hakorimana,
Katekista na Mkubwa wa Komite ya Adabu ya Mavazi,
kanisa letu la kilimani.

Papa Straton ninayekuheshimu,

Kwa hiyo, kama nilivyokuwa ninasema siku ya Pentekoste pale mlangoni, kabla kengele haijalia na wewe hujakimbia kuwasha mishumaa, mimi sisemi kwamba sheria yenu ni kali. Ninasema imeishia njiani. Wewe ulidhani nimekuja kugombana. Niliona jinsi ulivyokishika kitabu cha nyimbo mbele ya kifua, kama mtu anayengoja jiwe. Hapana, Papa. Nilikuja kushukuru, halafu kulalamika kidogo, na kwa kuwa kengele ilitukata maneno, ninaendelea hapa kwenye karatasi.

Nianze na shukrani. Mimi ni mume mpya. Wewe unalijua hilo kuliko wote, maana ndiwe uliyetufundisha mafundisho ya ndoa, ukanipitisha haraka haraka kwenye swali la upendo, halafu ukamrudisha Verdiane mara nyingi kwenye swali la utii. Tangu nimuoe Verdiane Kamaliza, binti wa Mama Mukantabana wa Ngungu, vitu vingine sivioni vizuri. Nikisimama ubaoni kuwaandikia watoto hesabu, namba tatu inanipinda mkononi inakuwa shingo yake. Juzi darasa zima liliniuliza kwa nini ninacheka peke yangu. Niliwaambia nimefurahishwa na jibu la kugawanya. Nilikaa shule ya sekondari miaka mingi kwa Mafrere, wale watawa walimu, nikasoma habari za milima ya Ulaya na mito ya Asia, na hakuna Frere hata mmoja aliyenionya kwamba mtu anaweza kufika nyumbani jioni, akasikia kikohozi kidogo nyuma ya pazia, na moyo ukaruka ukagonga dari.

Basi mtu kama mimi ana kila sababu ya kuunga mkono sheria inayomficha mke wake. Nilipokusikia ukiisoma kanisani, Jumapili ya kwanza baada ya harusi yetu, kwamba mwanamke Mkristo asifunuliwe kichwa wala bega mbele ya wanaume kwa sababu yoyote, nilisema moyoni: vizuri sana, wasimwone. Padri alikuwa amekwisha kuondoka kwenda safari yake ndefu upande wa Buleusa, kule Walikale, na wewe na wenzako mkaona msingoje arudi ndipo mfanye mema. Nilipiga makofi. Nilikuwa mjinga, lakini nilipiga makofi.

Sasa nikukumbushe kilichotokea baadaye. Unakijua, ila nakueleza kama mtu asiyekijua, kwa sababu siku ile ulifanya kama mtu asiyekijua.

Kwetu bibi-arusi akishaolewa anakaa ndani, kitambaa kichwani mpaka mabegani. Hapiki, hafagii, hashiki jembe. Havuki mlango wa ua. Kurudi kwao hawezi, hata kwa salamu. Halafu siku inapangwa, shangazi zake wanakuja na maziwa na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wanamkalisha mkekani, na shangazi mkubwa anamwondolea kitambaa mbele ya watu wa pande zote mbili. Anakunywa maziwa, anapewa jembe, anapiga udongo kidogo, watu wanashangilia. Hapo ndipo anakuwa mwanamke mwenye nyumba yake. Hiyo ndiyo gutwikurura. Mama yako alifanyiwa. Bibi yako alifanyiwa. Mke wako alifanyiwa, nawe ulikuwepo, na sijasikia kwamba ulipofuka.

Siku yetu ilipofika, Shangazi Godelieve alitoka Ngungu na wanawake wenzake kwa ile barabara ambayo hata magari ya Wazungu yanaiogopa. Walifika na matope mpaka magotini, na maziwa hayakumwagika hata tone. Shangazi akashika pindo la kitambaa. Akaliinua. Likafika kwenye sikio. Nililiona sikio la kushoto, Papa, nakiri mbele yako, na nilikuwa ninajiandaa kwa sikio la kulia, ndipo sauti yako ikaingia uani kabla yako, na wanakomite wenzako, Athanase na Nzabandora, wakikufuata nyuma: "Weka! Weka hapo hapo!"

Shangazi Godelieve aliuliza kwa upole, "Hata bibi-arusi, Papa Katekista?"

Nawe ukajibu, "Bibi-arusi njo wa kwanza!"

Akakirudisha kitambaa. Watu waliokuwa wamesimama kushangilia wakaketi kama kwenye msiba. Kasiksi ilinyweka hata hivyo, na ninasema kwa heshima kwamba Komite haikukaa nyuma, lakini shangazi zake wakabeba vibuyu vyao wakaenda zao, na tangu siku ile Verdiane yuko ndani. Kwa sheria ya Komite hawezi kufunuliwa. Kwa desturi, asiyefunuliwa ni bibi-arusi bado. Kwa hiyo kilima chetu kimepata bibi-arusi wa milele, nami ndiye mume wake. Kutokana na hali hiyo ninayo malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu kazi.

Bibi-arusi hafanyi kazi. Mama yangu amekwisha kulala kaburini, dada zangu wameolewa mbali. Amebaki nani? Amebaki mwalimu. Asubuhi ninafagia uwanja nikiwa nimevaa shati la shule. Jioni ninasonga bugali, ninachambua maharagi, ninakwenda chemchemi na debe kichwani. Silalamiki juu ya kazi, kwa sababu nikimpelekea chakula mkono wake unatoka chini ya kitambaa kupokea sahani, na kwa mkono ule ningesonga bugali ya kilima kizima. Ninalalamika kwamba Komite ilitunga sheria bila kuweka watu wa kuitumikia. Wanawake wa chemchemi wameniandalia jina. Nikitokea tu kwenye kona, mmoja anapiga kelele: "Mupishe bibi-arusi!" Mwingine anajibu: "Mutazame chini, iko na haya!" Wa tatu, ambaye ni mzee na alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, anauliza: "Na wewe, watakufunua lini?"

Nimewajibu kwamba suala langu liko mbele ya Komite. Wamecheka mpaka maji yao yakamwagika. Naomba basi Komite ipange zamu: Athanase maji, Nzabandora kuni, na wewe mwenyewe, Papa, kwa ajili ya heshima yako, maharagi.

2. Kuhusu maziwa, na Baba yangu.

Unajua kwetu wafuga ng'ombe kila mtu na kazi yake. Kukamua ni kwa mwanaume. Kutikisa kibuyu mpaka siagi itoke ni kwa mwanamke, tena ni kazi ya heshima, hawapewi watu hovyo. Ng'ombe wetu Gaju hana habari na Komite, anatoa maziwa kila siku, na maziwa hayangoji sheria ibadilike. Kwa hiyo nilikaa chini, nikaweka kibuyu mapajani, nikaanza kutikisa, nikiimba ule wimbo wao maana Verdiane alinifundisha kutoka chini ya kitambaa, kwamba siagi haitoki bila wimbo.

Ndipo Baba yangu, Mzee Semana, akaingia.

Alisimama. Alinitazama, akatazama kibuyu, akanitazama tena. Alisema neno moja tu kabla hajageuka: "Nilikusomesha Kifaransa. Njo hii Kifaransa?"

Hajarudi kunywa maziwa kwangu mpaka leo. Papa Straton, wewe na Baba yangu mlibatizwa siku moja. Nenda wewe ukamweleze kwamba mwanawe anatikisa kibuyu kwa utukufu wa adabu. Mimi nimeshindwa. Na siagi, kama unataka kujua, ilitoka, lakini ilikuwa na rangi ambayo sijaiona kwa ng'ombe yeyote.

3. Kuhusu hatari ya kitambaa chenyewe.

Hapa ndipo naona sheria yenu imeishia njiani, na ninaomba mnisikilize kama watu wa imani.

Mlisema mwanamke afunikwe ili wanaume wasipate mawazo. Sawa. Kabla ya harusi Verdiane alipita kwenye vilima hivi kichwa wazi, mikono wazi, akipeleka maziwa, na wanaume walimsalimu na kuendelea na njia yao. Tangu amefunikwa, hakuna mwanaume wa kilima hiki ambaye mbuzi wake hajapotea upande wa ua wangu. Wanakuja kutafuta mbuzi asubuhi. Wanakuja kutafuta mbuzi jioni. Wengine hawana mbuzi. Wanasimama kwenye uzio wanauliza, "Mwalimu, bibi iko mzima?" na macho yao yanakwenda mlangoni. Sikio moja tu waliloonyeshwa na Shangazi Godelieve limezungumzwa hapa mpaka Mushaki. Ninaambiwa kuna mtu anasema lilikuwa na hereni. Halikuwa na hereni. Mimi nilikuwepo.

Na mimi mwenyewe, mume wake halali, nifanyeje? Amefunikwa kichwa, nikabaki na mkono. Mkono ule, Papa! Akishika kikombe nasahau kama nilitaka maji au nilitaka kuoa tena, yeye yule. Nikijilazimisha nisitazame mkono, anacheka, na kitambaa kinatikisika chote kama mti wenye ndege ndani. Nikiziba masikio, nasikia harufu ya samli aliyopaka nywele. Komite haikufikiria mkono. Haikufikiria kicheko. Miguu yake anapojigeuza kwenye mkeka haikufikiriwa hata kidogo. Mmefunga dirisha moja katika nyumba isiyo na kuta.

Kwa hiyo naomba sheria iendelezwe mpaka mwisho wake. Verdiane afunikwe pia mikono, na asipewe ruhusa ya kucheka mpaka Padri arudi. Kama hiyo haitoshi, na ninajua haitatosha, tumweke kwenye ghala ya mahindi, ile iliyoinuliwa juu ya miti, tuweke kifuniko. Lakini nakuonya mapema: atakuwa anaimba ndani, na wanaume watakuja kutafuta mbuzi kwenye ghala.

4. Kuhusu roho zenu ninyi wa Komite.

Hili linanihuzunisha kweli, kwa sababu ninawapenda.

Kila Jumapili mwanamke anapofika mlangoni, Athanase anapima mikono ya blauzi kama imefika kwenye kiwiko. Nzabandora anatazama kikwembe kama kimebana kiunoni. Wewe unatazama shingo. Mkimaliza na mmoja, mnaanza na mwingine. Waumini wengine wanapita wanatazama altare, wanapiga magoti, wanasali. Kwa hiyo katika kanisa lote wanaume waliopewa kazi ya kutazama wanawake toka kichwani mpaka kisigino, polepole, bila kuruka mmoja, ni ninyi peke yenu. Nani aliwatupa kwenye hatari hiyo? Nani atawaombea? Jumapili iliyopita Athanase alimrudisha nyuma mama mmoja kusudi ahakikishe. Niliona jasho usoni mwake. Lilikuwa jasho la mfiadini.

Nashauri wanakomite wafungwe kitambaa cha macho. Mtasema: tutapimaje? Kwa mkono hapana, hiyo itakuwa mbaya zaidi. Chukueni ile fimbo mnayopimia mistari ya viazi. Na kama dawa ni kufunika macho, basi tusiwe wachoyo, tuwape dawa hiyo wanaume wote. Kila mwanaume afike kanisani na mfuko wa mahindi kichwani, ameshikwa kamba na mke wake, kama mbuzi wanavyopelekwa soko la Ngungu. Wanawake watatufunga upande wetu, Misa itasomwa kwa utulivu, na baadaye watatuchukua, kila mmoja wake, kama watatukumbuka. Kwa njia hiyo hakuna mwanamke atakayehitaji kubadilisha nguo hata moja. Nimeifikiria sana, sijaona kasoro.

Na huku tukiwa mlangoni, kuna jambo la magoti ya Athanase. Athanase anakuja kupima viwiko vya akina mama akiwa amevaa kaputula. Ni kaputula nzuri, imepigwa pasi, lakini inaishia juu. Magoti yake yako pale mbele ya mabinti wa Kristo, makubwa, yamepakwa mafuta. Verdiane aliniuliza siku zile za mafundisho, "Yale magoti iko na sheria yake?" Nilimwahidi nitauliza. Nauliza kwa niaba yake.

5. Kuhusu Eva.

Kila Jumamosi unawafundisha watoto kwa ile picha kubwa ya rangi iliyotoka Ulaya. Unaitundika ukutani na kuielekeza kwa fimbo. Eva amevaa majani, Papa. Si mengi. Na wewe unasimama karibu yake ukirudia: "Mutazame vizuri! Mutazame vizuri!"

Ninaomba avishwe kikwembe.

6. Hili si la kuchekesha.

Namba hii niliandika mara kadhaa nikafuta. Nitaiandika tu.

Shangazi Godelieve aliporudi Ngungu siku ile, Mama Mukantabana, mama yake Verdiane, alikuwa amekaa nje akingoja habari. Unajua mama mzazi hafuatani na shangazi, anangoja nyumbani, na bibi-arusi akishafunuliwa ndipo siku moja anarudi kumwona mama yake, na mama anajua kwamba mtoto amefika salama. Mama huyu ana binti mmoja tu. Alipoambiwa kwamba kitambaa kimerudishwa, alisimama haraka ili aje mwenyewe, jambo ambalo mama hafanyi. Aliteleza kwenye tope la ile barabara. Mguu umevunjika juu ya kisigino. Mfunga mifupa amemfunga vijiti, lakini homa imeingia, na watu wanaotoka kule wanasema anaweweseka, anaita jina la Verdiane.

Verdiane alisikia hayo akiwa chini ya kitambaa. Mimi sikuuona uso wake. Kicheko nilichokueleza kwenye namba ya tatu ni cha kabla ya hapo. Sasa anakaa akielekea upande wa Ngungu, na ninapompelekea chakula mkono hautoki.

Nilimwambia, twende, nitakuchukua. Akaniambia kwamba bibi-arusi asiyefunuliwa akiingia kwao, watu wanasema amefukuzwa na mume, na mama yake mgonjwa akisikia hivyo atakufa na huzuni ya bure. Hataki mama yake afe akidhani mtoto wake amerudishwa. Hataki pia kuvunja sheria ya kanisa mbele ya watu, kwa sababu yeye, Papa, uliyemrudisha mara nyingi kwenye swali la utii, alijifunza jibu vizuri kupita wote.

Ndiyo maana nimeandika haya yote, ya mbuzi na ya magoti. Nilitaka ucheke kidogo, kwa kuwa mtu anayecheka huweza kubadilisha neno lake bila aibu. Sikuomba kwamba wanawake waje kanisani uchi. Verdiane ana adabu kuliko mimi, kuliko wewe, na adabu yake haikuanza siku Komite ilipoanza. Ninaomba kitambaa kimoja, kichwa kimoja, siku moja. Njoo Jumamosi hii. Leta Komite yote. Shangazi Godelieve ataitwa. Wewe mwenyewe ukae mbele, ushike kitabu chako cha nyimbo, na useme kwa sauti ile ile uliyosema nayo "weka" kwamba sasa unaruhusu. Kama unaona ni vibaya wanaume wawepo, tutageuka wote tutazame mlima. Hata mimi nitageuka, na hiyo, Papa, ni sadaka ambayo hutajua ukubwa wake.

Kama huji Jumamosi, nitamwandikia Padri huko Buleusa, nami ninajua atakaporudi atakuuliza kwanza kuhusu ile picha.

Nipokee kama yule mtoto uliyemfundisha ishara ya msalaba kwa kumshika mkono, maana alikuwa anaanzia upande usiofaa. Uwasalimie Athanase na magoti yake, Nzabandora na mbuzi wake, wazee wote wa kanisa, waimbaji, wapiga kengele, na hasa Mama Nyiraneza, mke wako, ambaye sijamwona chemchemini tangu juzi na natumaini si mgonjwa. Gaju anasalimu. Baba yangu hasalimu, bado anafikiri.

Mwalimu wako wa shule, mume wa Verdiane,

Théogène Rugamba

N.B. Papa, nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii. Niliiacha mezani nikaenda chemchemi na debe langu. Nilishangaa kukuta hakuna mwanamke hata mmoja wa kunitania. Nilipokaribia nyumbani nikasikia vigelegele.

Uani kwangu kulikuwa na wanawake tu. Shangazi Godelieve alikuwepo, ametembea tena barabara ile. Wale wa chemchemi walikuwepo wote. Na aliyekuwa amesimama katikati, kitambaa cha Verdiane mkononi mwake, amekikunja vizuri kama nguo ya altare, alikuwa Mama Nyiraneza, mke wako. Ndiye aliyekwenda kumwita Shangazi. Ndiye aliyekiondoa kitambaa. Mmoja alipouliza kama Komite haitakasirika, Mama Nyiraneza alijibu, nami nilimsikia nikiwa nje ya uzio: "Sheria inasema mbele ya wanaume. Mwanaume iko wapi hapa?" Halafu akaniona, akasema: "Ah, huyu ni mwalimu tu," na wote wakacheka.

Maziwa yalikuwa yamekwisha kunywewa. Udongo ulikuwa umekwisha kupigwa jembe. Verdiane alikuwa amesimama kichwa wazi, mikono wazi, kikwembe kimefungwa kwa safari, masikio yake yote mawili juani. Nilimuuliza kwa nini hakuniita. Akanishika shavu mbele yao wote, akasema: "Ulikuwa unaandika. Hatukutaka kukusumbua."

Wameshika njia ya Ngungu pamoja. Mke wako naye amekwenda, anasema mgonjwa ataamini zaidi akiambiwa na mke wa Katekista kwamba mtoto wake hakufukuzwa. Amesema nikuambie usimngoje leo.

Kwa hiyo, Papa, futa namba ya kwanza, ya pili na ya tatu. Jumamosi usije, hakutakuwa na mtu. Ya sita wameijibu wao. Barua kwa Padri sitaandika. Hoja zangu zote nilizozipanga vizuri namna hii hazikuhitajika, na wala ruhusa yako haikuhitajika. Ninakutumia karatasi hii tu kwa ajili ya magoti ya Athanase, ambayo naona bado yanasimama.

Shule inafungwa mwishoni mwa juma, nami nitamfuata Verdiane kwa mama yake. Mguu ukipata nafuu tutarudi kwa njia ya kwako, na kabla ya mwezi huu kwisha tutapiga hodi mlangoni pako, yeye na mimi. Sijui atakuwa amevaa nini. Sitamuuliza.